Pedali Iliyoficha Kiharusi

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Najua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama saa ndogo niliyoifunga kwenye usukani wa baiskeli, nikaona nina muda wa kutosha. Nilikuwa nakwenda Singe kwa Mzee Bura kufungua pampu yake ya umwagiliaji. Masika yalikuwa yameanza, na wakulima wanaojali vyombo vyao huniita wakati wa mvua, pampu zikiwa zimelala, si Agosti vitunguu vikiwa vinakauka shambani.

Barabara ilikuwa na tope pembeni. Ng'ombe walikuwa wanavuka, nikataka kusimama. Nikageuza kisigino cha kushoto nje, kama nilivyofanya kila siku kwa miaka minne, ili kiatu kiachie pedali. Kisigino hakikwenda. Nikajaribu tena. Baiskeli ilisimama, ikalala upande wa kushoto nami nikiwa juu yake, na mkono wa kushoto nao haukunyooka kunikinga. Niliangukia shavu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui, anayeendesha baiskeli na ambaye upande mmoja wa mwili umemkataa, au atakayepita siku moja na kumkuta mwenzake kwenye mtaro. Sitaeleza kiharusi ni nini. Hilo waulize wenye elimu yake. Mimi niliishia darasa la saba, na mengine nimejisomea, hasa pampu na baiskeli.

Lazima nieleze pedali, kwa sababu bila hizo kisa hiki hakieleweki. Ziko aina tatu. Ya kwanza ni ya kawaida, bapa, ambayo mguu unakaa juu tu. Ya pili ina mkanda unaopita juu ya vidole. Ya tatu vijana wa mbio huiita klipu: chini ya kiatu kuna kipande cha chuma, ukikanyaga kinanasa kwenye pedali, na hakiachii mpaka ugeuze kisigino kwenda nje. Ukinasa hivyo, mguu husukuma ukishuka na kuvuta ukipanda, hakuna nguvu inayopotea. Nilinunua za kwangu Arusha, zimetumika kidogo, pamoja na viatu vyake. Mlima wa kwenda Singe ulipungua nusu. Nilizisifu kwa kila aliyenisikiliza.

Sasa ninachoamini ni hiki: mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa kabla sijawaona wale ng'ombe. Mguu wa kulia ulizungusha pedali, na pedali ya kushoto ikaubeba mguu mfu ukipanda na kushuka kama kawaida. Ningekuwa na pedali bapa, mguu ungedondoka hapo hapo, ningejua. Klipu iliushika, nami nikaendelea nikidhani nina miguu miwili.

Watu walikusanyika haraka.

"Amelewa huyu?"

"Baba Upendo hanywi hata togwa."

"Mbona hajitoi kwenye baiskeli? Hiki kiatu gani, kimeshonwa?"

Mtu akacheka. Mimi nilikuwa nawaambia: geuzeni kisigino nje. Maneno matatu. Kichwani yalikuwa wazi kabisa. Mdomoni yalitoka kama mtu anayeongea na ugali mdomoni. Nikarudia, nikarudia. Mama mmoja akasema, "Maskini, maumivu," akanifuta tope usoni kwa khanga yake.

Mzee Bura alifika, akaona jinsi mguu ulivyopinda chini ya baiskeli, akanyoosha mkono kuwazuia. "Mtu asiuguse. Umevunjika huo." Akampigia simu kaka yangu Paskali, ambaye analima karibu na hapo.

Paskali ni mkubwa wangu. Kwetu, mkubwa akifika neno limefika. Aliinama, akanishika bega, akasema, "Tulia mdogo wangu, nimekuja." Akafungua mkoba wangu mwenyewe, akatoa spana yangu mwenyewe, aifungue pedali itoke na mguu pamoja. Lilikuwa wazo zuri. Ila pedali ya kushoto ina nati inayogeukia upande wa pili. Ya kulia hufunguka kama nati zote. Ya kushoto ukiizungusha hivyo unaikaza. Paskali alikaza. Akapanda juu ya spana kwa uzito wake wote, akakaza zaidi. Nilikuwa nimelala nikimtazama, nikilia, na yeye akadhani nalilia mguu.

Mwisho walikikata kiatu kwa mundu. Jua lilikuwa limeshapanda.

Hapo ndipo Paskali alipoamua. Nilimsikia. "Hospitali watamwekea vyuma au watamkata. Mfupa ni kazi ya mganga wa mifupa." Hakuna aliyebisha. Kwetu mfupa uliovunjika unajulikana unapelekwa wapi, na wengi wamerudi wakitembea. Kosa lao halikuwa hilo. Kosa lao lilikuwa kwamba baiskeli, kiatu na mguu uliopinda vilikuwa vimeshawaeleza kila kitu, na hakuna aliyenitazama usoni.

Mganga alinipaka mafuta ya kondoo, akaufunga mguu mzima kwa vijiti vilivyochongwa vizuri na vitambaa. Alikuwa na mikono ya upole. Mguu uliofungwa hauwezi kuonyesha kama unatembea au hautembei. Nililala kwake.

Mke wangu, Mama Upendo, alikuwa kwa dada yake Mbulu. Alifika asubuhi ya pili na mkoba bado begani. Alisimama mlangoni, hakutazama vijiti kabisa.

"Shemeji, mdomo wake umekwenda wapi?"

"Ni maumivu," Paskali alisema.

"Maumivu yanahamisha mdomo? Baba Upendo, inua mkono. Huu. Huu!"

Sikuuinua. Mpaka wakati huo, na hili ni gumu kulieleza, sikuwa najua kwamba siuinui. Nilidhani nimeuinua.

Aliita bajaji mwenyewe. Hospitalini daktari kijana aliuliza ilianza lini. Mama Upendo akasema jana asubuhi. Daktari akatazama vijiti.

"Na hii miti?"

"Ni ya mfupa."

"Mfupa upi?"

Picha ilionyesha mfupa mzima kabisa. Daktari hakutugombeza. Alisema tu kwamba saa za mwanzo zingesaidia zaidi, akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Sentensi hiyo nimeishi nayo tangu hapo.

Masika yote nilikuwa wodini, kisha kitandani nyumbani kwetu Nangara. Nitayasema machache ambayo watu hawasemi. Kwamba utaoshwa na mkeo na utamchukia kwa sababu ameona. Kwamba chai itatiririka upande wa kushoto na hutajua mpaka shati lilowe. Kwamba wageni wa pole watakaa, watakunywa chai, watakuzungumzia kama mtu aliyetoka kidogo: "Alikuwa fundi mzuri sana." Alikuwa. Nilikuwa nimekaa pale pale. Paskali alikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Alileta mahindi mabichi, akakaa mbele yangu na kofia magotini, akazungumzia mvua. Neno la pole kwa ajili ya siku ile halikutoka, nami ulimi wangu uliporudi sikumuuliza. Nilimtazama mikono.

Kwa Mama Upendo nilisema kila siku. Kwamba hata mtoto angejua pedali ya kushoto inafunguliwa kinyume. Kwamba angeuliza. Alikuwa ananilisha, akijibu, "Fungua mdomo."

Mvua zilipopungua nilianza kliniki ya mazoezi, mara mbili kwa wiki. Tulisubiri kwenye benchi la ukutani, kila mtu na upande wake mbovu, na baada ya muda tulijipanga bila kuambiana: mwenye kushoto kubovu anakaa kulia kwa mwenye kulia kubovu, ili mabega mazima yasigusane bure na mabovu yaegemeane. Dereva mmoja mstaafu wa malori aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia nazungukia mashamba kwa baiskeli, natengeneza pampu.

"Wewe baiskeli, mimi lori," akasema. "Wote tumepaki."

Nilicheka, na nusu ya uso wangu ikacheka nami. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu barabara ya Singe.

Dada wa mazoezi alikuwa na baiskeli ya kukaa, isiyokwenda popote. Pedali zake zilikuwa za mkanda, na mkanda wa kushoto ulikuwa umekatika, umefungwa kwa bandeji. Aliufunga mguu wangu humo, akasema zungusha. Mguu wa kulia ukasukuma, wa kushoto ukafuata. Baada ya wiki kadhaa akaweka kiganja chini ya paja langu, akasema, "Huo sasa ni wewe. Si pedali." Nilitaka kumpa kitu. Sikuwa na kitu.

Nikamuuliza kama nitarudi barabarani. "Mzee, miguu inazunguka vizuri. Shida yako si kuzunguka. Ni kusimama."

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Kiangazi ndicho chakula chetu cha mwaka. Pampu huanza kunguruma Juni mpaka mvua za Novemba, na fundi asiyefika mara mbili hasubiriwi mara ya tatu. Bodaboda ya kwenda na kurudi Singe ingekula karibu ujira wote. Ama nipande baiskeli kabla vitunguu havijahitaji maji, ama wateja waende kwa mwingine. Upendo alikuwa kidato cha tatu, na shule haijui kiharusi.

Nilianza na klipu. Usinicheke. Niliamini kwamba mguu usioweza kujishika unahitaji pedali inayoushika. Fundi viatu alinishonea kile kiatu kilichokatwa kwa mundu. Nikachukua alenki, ile spana ndogo ya pembe sita, nikalegeza kibanio cha pedali mpaka mwisho wake. Mama Upendo akashika siti kama mtu anayemfundisha mtoto, tukaenda uwanja wa nyuma ya nyumba. Nilizunguka. Nakwambia, nilizunguka vizuri kama zamani, upepo usoni, hata mke wangu akaachia siti akapiga makofi. Kisha nikataka kusimama. Kisigino hakikugeuka hata kibanio kikiwa kimelegezwa. Nikaanguka kushoto, vile vile, na jino likatoka.

Mama Upendo alinitoa kiatu kwenye pedali. Yeye alijua: aligeuza kisigino nje, mara moja tu. Kisha akakaa chini kwenye vumbi karibu nami.

"Nitaiuza hii baiskeli ukiwa umelala," akasema.

"Utauza mguu wangu."

"Mguu wako uko hapa. Damu iko hapa. Hii ni chuma."

Kesho yake nikaamua kuzitoa klipu niweke pedali za mkanda. Mama Upendo akanishikia fremu. Ya kulia ilitoka vizuri. Nikahamia ya kushoto, nikaweka spana, nikasukuma. Haikutoka. Nikasukuma kwa uzito wote mpaka spana ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye cheni.

"Baba Upendo," akasema polepole. "Si wewe unasema ya kushoto inafunguliwa kinyume?"

Nilisimama na ile spana. Nilijua kwamba ni kinyume. Ningeweza kuliandika neno hilo ukutani. Lakini kinyume ni upande gani, mkono wangu haukuwa na habari, wala jicho. Nilitazama ile nati kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake na hajui kama unavutwa au unasukumwa. Miaka yote nimewafundisha vijana jambo hili, nami nikawa nakaza.

Mtu atasema hapo nilimsamehe Paskali. Hapana. Niliogopa tu. Mguu niliujua umeumia. Hili sikujua, na nikajiuliza ni vitu gani vingine vimetoka kichwani bila kuniaga. Mama Upendo alichukua spana mkononi mwangu, akaizungusha upande mwingine, pedali ikaachia kwa mlio. Tangu siku hiyo kuna mshale wa rangi nyeupe kwenye kila mashine ninayoigusa. Kama upande wako ni wa kushoto kama wangu, chora mishale. Usione aibu.

Mkanda ulinipa wiki nzuri. Nililegeza kidogo, nikajifunza kuutoa mguu kwa kuvuta paja zima nyuma. Nilipandia upande wa kulia badala ya kushoto. Nilishusha siti mpaka miguu yote ifike chini nikiwa nimekaa. Nikaenda mpaka Nakwa, nikabadili mpira wa pampu kwa mkono mmoja na meno, nikalipwa, nikarudi. Mama Upendo alichinja jogoo. Paskali aliitwa, akala, akasema, "Mungu ni mkubwa."

Kisha siku moja nilifika Nakwa, mwenye shamba akanionyesha mguu. "Fundi, unavuja." Soksi ya kushoto ilikuwa nyekundu. Mkanda ulikuwa umekata ngozi juu ya vidole, na vidole vilikuwa vimejikunja vikalala ubavu, sijui tangu wapi. Sikuwa nimesikia kitu. Nimeendesha njia nzima nikiamini mguu uko mahali pake.

Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji nikaosha damu. Nikaona kwamba ni jambo lile lile la Singe. Klipu ilinificha mguu, na mkanda unanificha mguu. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba aliyepata mara moja anaweza kupata tena, ndiyo maana ya vidonge vya kila siku. Ikija tena, nitakuwa kwenye pedali inayozungusha mguu mfu na kuniambia kila kitu kiko sawa. Pedali bapa haiwezi kunidanganya. Mguu ukiondoka, unadondoka.

Nikaenda nyumbani taratibu, nikafunga pedali bapa, kwa kufuata mshale.

Sitakudanganya kwamba ni furaha. Nilichagua pana, zenye vijino vya chuma, na kiatu cha soli nene. Dada wa mazoezi alinipatia kifaa cha plastiki cha kushika kifundo, kilichoachwa na mgonjwa aliyekwishafariki. Hata hivyo mguu unadondoka mara kwa mara, na pedali inarudi kunipiga kwenye goko, mfupa wa mbele chini ya goti. Goko langu la kushoto lina makovu kama mti uliochanjwa. Kila unapodondoka nasimama, nauinua kwa mkono, nauweka, naendelea. Mlima siwezi. Mlima wa Singe nasukuma baiskeli kwa miguu, nafika nimechoka kabla ya kazi.

Mara ya kwanza nilipofika tena kwa Mzee Bura ilikuwa katikati ya kiangazi. Vitunguu vyake vilikuwa vya kijani na pampu ilikuwa inanguruma vizuri. Kijana mmoja mwenye pikipiki alikuwa anafunga vifaa vyake.

"Shikamoo fundi," akasema yule kijana.

"Marahaba."

Mzee Bura aliona aibu, akaniletea kiti na uji. "Tuliambiwa huwezi tena," akasema. "Kaka yako mwenyewe alisema. Alisema tusikusumbue, upumzike."

Nilimaliza uji. Ulikuwa mzuri, wa ulezi. Nikashuka mlima.

Sasa nina wateja wa Nangara na Nakwa, kwenye tambarare. Wa Singe hawapo. Ukiniuliza upande pedali gani, nitakujibu hivi: mashine ya kliniki, mkanda. Barabarani, bapa, hata ukiona aibu, hata ikikuumiza. Klipu waachie wenye pande mbili. Na ukimkuta mwendesha baiskeli kwenye mtaro, acha mguu, acha baiskeli. Mwambie acheke. Mwambie ainue mikono yote miwili.

Paskali alikuja baada ya mavuno ya mbaazi. Alinikuta natoka na baiskeli. Alinitazama nikipanda, nikizunguka mti wa uani, nikirudi. Akavua kofia.

"Kumbe unaendesha kweli."

"Naendesha."

"Nashukuru Mungu." Akaigeuza kofia mikononi. "Mdogo wangu, ile hela ya mganga wa mifupa niliitoa mimi. Elfu thelathini na tano. Sikusema kitu kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Sasa umepona, na mimi mbaazi zimekuwa na bei mbaya."

Nilimtafuta Mama Upendo kwa macho. Alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilidhani atapiga kelele.

"Mlipe," akasema. "Mlipe leo, asije akasema tulikula miti yake."

Jioni ile nilimpigia kijana mmoja wa mbio aliyekuwa akizitamani klipu zangu. Nilikuwa nimezinunua laki moja na elfu themanini, pamoja na viatu. Alikuja, akavigeuza viatu, akapitisha kidole kwenye mshono wa kile kilichokatwa, akashusha bei. Alinipa elfu sitini. Nikampelekea Paskali zake thelathini na tano, akazihesabu, akasema asante.

Zilibaki elfu ishirini na tano.